Jambo Moja Linasubiri Idhini Yako

Benchi la kijiwe cha Mkonze lina namba ya mali ya serikali. Imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi mbili na tarakimu saba, na mpaka leo hakuna ofisi iliyokuja kulidai. Inasemekana lilianguka kwenye lori mwaka ule wizara zilipokuwa zikihamia Dodoma, na kwa kuwa kulirudisha kulihitaji barua na kuliacha hakukuhitaji kitu, likaachwa. Mbele yake Mrisho huweka jiko la mkaa, dele la kahawa na ndoo ya kuoshea vikombe. Mababu zake walikuja na misafara, wakauza nguo na chumvi kwa wapita njia. Yeye anauza kahawa kwa watu wasiopita kwenda popote. Jumamosi hii upepo ulikuwa unachota vumbi upande mmoja wa barabara na kulikabidhi upande wa pili, na mwisho wa benchi alikaa Joha, mpwa wa Mrisho, laptopu mapajani, simu ikimgawia bando, uso umemsawijika kama mtu aliyeambiwa asubiri nje.

— Mjomba, niongeze. Chungu, bila kashata.

— Hicho cha nne, alisema Mrisho. — Saa tatu haijafika. Utatetemeka uandike kila herufi mara mbili.

— Acha nitetemeke. Saa nane Bahi wanapiga kura.

Neno kura liliwaamsha watu wawili kwa pamoja. Wa kwanza ni Wambura, ambaye kijiwe kinamwita Kanuni: miaka ishirini na minane alibeba makaratasi kwenye korido za Bunge, akastaafu akiwa amehifadhi kanuni zote za waheshimiwa, isipokuwa ile ya kunyamaza mwenzako akiwa anasema. Wa pili ni Hanifu, fundi madishi, anayeitwa Satelaiti kwa sababu anaamini hakuna jambo duniani ambalo halikuanzia juu.

Wa tatu hakuinua kichwa. Mzee Ebenezer, au mzee Nakala, alifanya kazi masjala miaka thelathini na minne, na hata salamu zake zilikuwa na nakala kwa mkewe. Leo alikuwa amekuja na tai. Jumamosi. Mfukoni kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Joha alipomwamkia alipokea kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeamkiwa na wengi kwa siku. Joha alidhani kuna msiba: mzee ndiye mwenyekiti wa Chama cha Kuzikana cha Mkonze, na tai yake haijawahi kuleta habari njema.

— Kuhusu utaratibu! alisema Kanuni. — Kura ya nini, na hoja katoa nani?

Joha alijibu macho yakiwa kwenye kioo.

— Kikundi cha maji cha Tumaini, wale wa mpunga. Niliwatengenezea ukurasa wa zamu. Mtu anafungua simu anaona leo maji ni ya mfereji gani. Zamani zamu zilikuwa kwenye daftari, daftari lilikuwa kwa katibu, na katibu alikuwa na ndugu wengi.

— Eeh, endelea.

— Leo zamu ilikuwa ya Mfereji wa Chini. Wa Juu wakaomba wapewe wao, na ombi likawa linamsubiri mwenyekiti. Jana saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi mwenyekiti kaidhinisha. Alfajiri hii mlinzi wa lango kafungulia Juu. Huko Chini mpunga unatoa mashuke na udongo umeanza kupasuka.

— Basi si kaidhinisha? alisema Satelaiti. — Kwisha habari.

— Mwenyekiti ni mzee Stanley. Tangu Alhamisi yuko Kolo kwenye harusi ya mjukuu, na simu haipatikani. Tena kabla ya kuondoka alisema mbele za watu kwamba ombi lile atalikataa.

— Kwa hiyo mzee Stanley ni mwongo, alisema Kanuni, — au mzee Stanley wako wawili.

— Ndilo wanalotaka kuamua saa nane. Wamwondoe, halafu warudi kwenye daftari. Joha alikunywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja. — Yule mzee hajawahi kuchukua hata ndoo ya mwenzake. Kama kosa liko kwenye ukurasa wangu, nilijue kabla hawajamvua heshima yake kwa ajili yangu.

Mrisho alimwongeza bila kuombwa. Kijiwe kikakaa sawa, kama kinavyokaa jambo zito likiletwa: kila mtu akatafuta nadharia yake.

— Nenosiri limeibiwa, alisema Satelaiti. — Watu mnayaficha mno. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi langu nimeliandika kwenye tangi la pikipiki, na hajaliiba mtu.

— Hajaliiba kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wewe, alisema Mrisho.

— Halijaibiwa, alisema Joha. — Nimeangalia kumbukumbu za mashine inayohifadhi kurasa zetu. Tangu Jumatano hakuna aliyeandika nenosiri la mzee Stanley. Huyu kaingia bila kupita mlangoni.

— Bila kupita mlangoni! Satelaiti alisimama, akakaa tena. — Umesema yuko Kolo? Kolo kwenye michoro?

— Kolo hiyo hiyo.

— Ngojeni basi. Wale waliochorwa kwenye majabali, watu warefu, vichwa kama mafagio, mikono imenyooka hivi. Vidole vimenyooka vinataka kubonyeza nini? Enzi zile hata swichi hakuna. Wale walikuwa wanasubiri simu ifike!

— Naomba mwongozo, alisema Kanuni. — Mizimu haina akidi. Palipo na uamuzi usiokuwa na mwenyewe, hapo pana kamati. Wamekaa faragha, wakamwandika mwenyekiti kama amehudhuria. Nimewahi kumwona mtu akihudhuria semina mbili, mikoa miwili, asubuhi moja, na kote akashukuriwa kwa mchango wake mzuri.

— Mimi naona mashine ndiyo kongwe, alisema Mrisho, akisuuza kikombe. — Si ile iliyoletwa kutoka Dar pamoja na makabati? Imezaliwa kwenye unyevu, mmeileta kwenye ukavu huu. Mimi mwenyewe ikifika Juni midomo inapasuka. Na mashine nayo inapasuka, mambo yanavuja. Damu nzito kuliko maji.

— Hiyo methali inaingiaje hapa?

— Maji si yametajwa?

— Nyinyi hamuangalii juu, alisema Satelaiti. — Mwezi uliopita nimefunga dishi Bahi, nimelielekeza mashariki kwa mkono wangu. Asubuhi nalikuta linaangalia mpunga. Linaangalia! Kuna watu nje huko mchele wao hauna soko, wameegesha kitu juu ya mbuga ya Bahi, wanacheza na zamu za watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Vijana, alisema mzee Nakala ghafla, na sauti yake ilikuwa na muhuri. — Mambo ya idhini si ya kuzungumzwa kijiweni. Mwenye dhamana akiidhinisha, ameidhinisha. Anazo sababu.

— Sababu gani, mzee?

— Utumishi una siri zake. Akarekebisha tai, akasogeza kashata pembeni, jambo ambalo kwa mzee Nakala halikuwa dogo.

Joha aliyasikia haya kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani. Alikuwa ameshaangalia mlango, sasa anaangalia vyumba. Mrisho alichungulia kioo, akaona mistari ya maandishi meupe kwenye weusi, akahurumia macho ya mpwa wake.

— Hivi hiyo mashine inamjuaje mtu? aliuliza. — Haina macho, haina pua.

— Mjomba, umewahi kwenda wizarani kuuliza jambo?

— Kwenda nimewahi. Kuuliza sikufikia.

— Pale getini unaacha kitambulisho, mlinzi anakupa kibati chenye namba, yeye anabaki na karatasi inayosema kibati hiki ni cha nani. Ukishaingia, ofisi zote hawakuulizi jina. Wanaangalia kibati.

— Naam.

— Na mashine ni hivyo hivyo. Ukiandika nenosiri mara moja, inakupa kibati, simu yako inakibeba kila unapobonyeza. Yenyewe inahifadhi karatasi kwenye folda: mwenye kibati hiki ni mwanachama namba fulani. Hiyo ndiyo sesheni. Bila hiyo, kila ukibonyeza ungeandika nenosiri upya, na wazee wangenifukuza.

— Na hiyo folda iko wapi?

— Iko hapa, inakaa…

Joha hakumaliza. Folda ilikuwa moja. Ile mashine ilitolewa na ofisi moja yenye moyo mzuri ili vikundi vya wananchi viwe na kurasa zao bure, na humo ndani karatasi za maji, za kuzikana na za kwaya zilikuwa zimelala pamoja kama viatu mlangoni pa msikiti siku ya Idi. Ndivyo mashine ilivyokuja. Siku ya kwanza kabisa Joha aliliona hilo, akajiambia atalirudia. Hakulirudia. Lakini viatu kulala pamoja ni jambo moja, alijiambia, na mtu kuondoka na cha mwenzake bila kujua ni jingine.

— Mbukwenyi!

— Mbukwenyi! kijiwe kikaitikia, hata Kanuni, ambaye kwao ni Mara na salamu hiyo ya Kigogo amejifunzia kazini.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya mabuti ya mvua, tope la mabuti limekauka likawa jeupe. Mkononi alishika kitu kilichoviringwa kwenye kitambaa kibichi.

— Namtafuta mtoto anayeitwa Joha.

— Ndiye mimi, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Mimi ni Emilia, Mfereji wa Chini. Tunaongeaga kwa simu. Sikuja kugomba. Nimesema nije nikuone usoni, maana wenzangu wanasema huko kwenye simu hakuna mtu.

Joha alimpisha. Emilia hakukaa. Alikunjua kitambaa, akalaza benchini mche mmoja wa mpunga, majani yamejikunja kama mkeka unaofungwa safari.

— Leo na kesho utavumilia, alisema. — Keshokutwa sitakuja kukuuliza kitu. Na Jumatatu daftari likirudi, jina langu litarudi mwisho. Zamani lilikuwa mwisho, na ukurasa ulikuwa unaisha kabla yangu.

Mrisho alimpa kahawa. Satelaiti akamweleza kwa kirefu habari ya vidole vya Kolo na dishi lililogeuza shingo. Emilia alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote anazopewa mtu anayeumwa.

— Mimi nina swali la kijinga, alisema. — Kwenye huo ukurasa imeandikwa nani kaidhinisha?

— Mwenyekiti, alisema Joha.

— Kwa jina lake?

— Jina hauandiki. Unaandika namba ya mwanachama. Namba moja.

— Namba moja wa wapi?

Satelaiti aliangalia juu. Mrisho akakoroga mkaa ambao haukuhitaji kukorogwa.

— Wa… wa pale pale, alisema Kanuni. — Namba moja ni mwenyekiti. Chama chochote. Mwenyekiti ndiye kadi namba moja hata kama amejiunga wa mwisho, ndiyo desturi. Sisi hapa kuzikana tuliandika upya kadi mia na nne, siku mbili nzima, ili mzee Nakala awe namba…

Akaishia hapo. Joha alikuwa amegeuza kichwa taratibu kuelekea kwenye tai.

— Mzee Ebenezer, alisema kwa upole. — Jana saa nne asubuhi ulikuwa wapi?

— Hapa. Kwenye benchi. Naangalia orodha ya wanachama wetu.

— Kwa simu.

— Kwa simu, kwenye ule ukurasa wa kuzikana uliotutengenezea. Niliingia vizuri, kwa nenosiri langu.

— Halafu?

Mzee alitoa simu. Ilikuwa imefungwa kwenye leso safi, akaikunjua kona moja moja.

— Halafu niliteuliwa, alisema.

Simu ilipita mkono kwa mkono. Mzee alikuwa amerudi kwenye orodha ya vikundi, akaona jina la kikundi cha Bahi, akaligusa ili aone wenzao wanafanyaje. Na kioo kilimwandikia, kwa herufi za kijani alizochagua Joha mwenyewe: *Karibu, Mwenyekiti. Jambo 1 linasubiri idhini yako.*

— Na hukushangaa? aliuliza Kanuni.

— Nishangae nini? Nimehamishwa mara sita, nimepandishwa mara moja, nimeshushwa mara moja, na hakuna hata siku moja niliyoambiwa kwa nini. Nilidhani barua inafuata. Mzee Nakala aliikunja leso katikati, kisha katikati tena. — Joha mwanangu, nimebeba mafaili miaka thelathini na minne. Kila jalada lina kikaratasi, kwa idhini yako tafadhali. Nimekisoma hicho kikaratasi mpaka nakiota. Hakijawahi kuwa changu. Jana kikawa changu. Nikabonyeza.

— Ulisoma kilikuwa kinasema nini?

— Kwani wakubwa husoma?

Alisema hivyo kwa kweli kabisa, bila kejeli, kisha macho yake yakatua kwenye mche wa mpunga. Aligusa jani moja lililojikunja, akajaribu kulikunjua kwa ncha ya kidole. Likajikunja tena.

— Hili ndilo nililoidhinisha, alisema.

Emilia aliiweka kahawa chini, karibu na mkono wa mzee, kikombe kikiwa nusu.

— Kosa si lako, mzee, alisema Joha. — Ni langu. Niliuchukua ukurasa wa kuzikana nikaunakili niufanye wa maji, kazi iishe haraka. Anwani moja, geti moja, kibati cha aina moja, karatasi zote folda moja. Na kwenye karatasi niliandika namba moja, sikuandika ya wapi. Ofisi mbili zinatumia mlinzi mmoja. Ulipoonyesha kibati cha kuzikana, maji wakakusoma wewe ndiye mkubwa wao.

— Kwa hiyo mizimu haimo, alisema Satelaiti kwa masikitiko.

— Haimo.

— Na dishi?

— Dishi ni skrubu, Hanifu. Kaza skrubu.

Emilia alipiga simu. Mara ya tatu mzee Stanley akapatikana: yupo stendi ya Kondoa, sahani ya pilau ya harusi iko mapajani, na hana habari kwamba ameshakuwa msaliti. Joha alimwomba aingie kwa nenosiri lake, afungue zamu ya leo, aitengue ile idhini. Kijiwe kilisubiri. Kanuni alihesabu dakika kwa saa ya mkono kama anahesabu kura. Kisha simu ya Emilia ikalia, mlinzi wa lango akiuliza kama hii sasa ndiyo kweli au aende zake akalale.

— Ndiyo kweli, alisema Emilia. — Fungulia Chini. Nataka nisikie.

Aliweka simu katikati ya benchi. Kwanza kulikuwa na upepo, kisha chuma kikikwaruza, kisha mlinzi akalaani kutu, na mwisho kitu kama watu wengi wanaonong'ona kwa pamoja. Mrisho alizima redio yake ndogo. Wakasikiliza mpaka salio la Bahi lilipoisha.

— Bado saa nane, alisema Emilia. — Maji yamerudi, lakini watu wameshasema maneno.

— Saa nane nitakuwepo, alisema mzee Nakala. — Nitasimama mbele yao niseme ni mimi. Tai ninayo.

Joha alikuwa ameshainama. Aliandika nusu saa nzima. Alitengeneza folda tatu, ya maji, ya kuzikana na ya kwaya, mbali na sehemu ambayo mgeni wa mtandaoni anaweza kuifikia, akaziwekea ruhusa mia saba: mwenye nyumba aingie, asome, aandike; jirani sifuri, mpita njia sifuri. Kila kikundi akakipa kibati chenye jina lake, kisichovuka ukurasa wake. Akaiambia mashine isipokee kibati ambacho haikukitoa yenyewe, na mtu akiandika nenosiri apewe kipya, cha zamani kitupwe. Na kwenye kila karatasi, kabla ya namba, akaandika ya wapi.

— Mzee, gusa tena ule ukurasa wa maji.

Mzee Nakala aligusa. Kioo kilifikiri kidogo. *Tafadhali ingia kwa nenosiri lako.*

— Uteuzi wangu umetenguliwa, alitangaza.

— Pole, alisema Kanuni.

— Na kama kawaida, hawakusema kwa nini. Lakini safari hii najua.

— Bado kitu kimoja, alisema Joha, na uso ukamrudia ule wa asubuhi. — Vikundi vyote kwenye ile mashine vinatumia jina moja la mtumiaji. Milango sasa ni mitatu, ila ufunguo ni ule mmoja, na wapo wapangaji wengine humo. Inatakiwa kila kikundi kiwe na jina lake na folda iwe ya jina hilo. Hilo siwezi mimi. Ni afisa TEHAMA, na nimeshamwandikia mara tatu.

— Uliandikaje?

Joha alimwonyesha. Mzee Nakala alisoma mstari wa kwanza, akavua miwani.

— “Habari za leo, samahani kwa usumbufu.” Mwanangu, hii si barua. Hii ni hodi. Kumbukumbu namba iko wapi? Yahusu iko wapi? Nakala kwa nani? Barua isiyokuwa na nakala kwa mkubwa wake, yeye anaifunika na kikombe cha chai.

Kutoka ndani ya koti alitoa karatasi, kwa sababu mzee Nakala hutembea na karatasi kama wengine wanavyotembea na leso. Akaiweka juu ya paja, akachomoa kalamu nyeusi. YAH: OMBI LA KILA KIKUNDI KUPEWA JINA LAKE NA FOLDA YAKE KWENYE MASHINE. Akauliza, Joha akajibu, na maneno ya Joha yalipita kwenye ile kalamu yakatoka na koti na viatu. Kwanza, jina la mtumiaji kwa kila kikundi. Pili, folda ya sesheni iwe mali ya jina hilo, ruhusa mia saba. Tatu, kibati kisisafiri ila kwenye njia iliyofungwa, ile yenye kufuli. Nakala: Mkuu wake. Nakala: Mkuu wa mkuu wake.

— Hii atajibu Jumatatu, alisema Kanuni kwa heshima. — Hii nikiipokea mimi, nasimama.

Palikuwa na sehemu mbili za saini, Mkonze na Bahi. Mzee Nakala alisaini ya kwanza, akapuliza wino, akaigeuza karatasi kwa mikono miwili.

— Mama Emilia, alisema, — jambo moja linasubiri idhini yako.

Emilia aliipokea. Hakuchukua kalamu. Alianza juu kabisa, kwenye kumbukumbu namba, kidole kikitembea chini ya kila neno, midomo ikicheza bila sauti. Alifika mwisho, akarudi kwenye la pili, akakaa hapo. Satelaiti alijikuna. Kahawa ilikuwa imefika chini, Mrisho alilaza dele kuitafuta.

— Mmegawa mfereji mmoja kuwa mitatu, alisema Emilia. — Vizuri. Ule wa zamani nani alikuwa anausafisha?

— Mashine yenyewe, alisema Joha. — Kila nusu saa kuna mfagiaji anapita, anaondoa karatasi za vibati vilivyoisha muda.

— Na hii mitatu?

Joha akavuta laptopu, akaangalia, akaangalia tena. Mfagiaji wa mashine alijua folda moja tu duniani, ile ya zamani. Hakuna aliyemwambia kuna nyingine. Karatasi za leo zingelala humo hadi Krismasi, vibati vyake vikiwa hai, vikingoja atakayeviokota.

— Nani? alisema Emilia.

Alimwangalia Kanuni: Kanuni hakuwa na kanuni. Akamwangalia Satelaiti, naye akaangalia juu kwa mazoea, na huko kulikuwa na mawingu mawili yasiyohusika. Mrisho alitikisa dele. Lilidondoka tope la kahawa tu.

— Imeisha, alisema, na hata hilo halikuwa jibu.

— Sisi tulichimba mifereji mipya mwaka ule, alisema Emilia. — Hakuna aliyeandikwa kusafisha. Msimu mmoja tu, matete yakatuzidi urefu. Mimi sisaini penye tundu. Akairudisha karatasi.

Mzee Nakala aliipokea kwa mikono miwili. Miaka thelathini na minne barua zake zilikuwa zinatoka zikasainiwa bila kusomwa, au hazirudi kabisa. Hii ndiyo ya kwanza kurudishwa kwa sababu mtu ameisoma. Aliiangalia kama anavyoangaliwa mgeni aliyetoka mbali, akatabasamu, akachomoa kalamu nyekundu. *Nne,* aliandika. *Msafishaji wa folda mpya ni:* Halafu akaweka nukta, moja moja, mpaka ukingoni mwa karatasi, na kumgeukia Joha.

Joha alikuwa ameshaanza kumwandika mfagiaji wa folda mpya, safari hii bila kunakili popote.

— Haya malizeni, alisema Emilia, akiviringa mpunga wake kwenye kitambaa. — Basi la Bahi haliningoji. Na wewe namba moja, unakuja au hauji?

— Nakuja. Mzee Nakala hakuinua kichwa. — Ila namba moja wa Mkonze, mama. Huko kwenye mkutano, nisomwe hivyo.